Kodi inapolipwa na mwajiri, mwenye nyumba amdai nani?

KATIKA mji wa Litein, kando ya barabara itokayo Kericho kuelekea Sotik na Kisii, si nyumba chache za kupangisha zilizojengwa kwa majani chai. Mkulima hupeleka majani yake kiwandani mwaka mzima na kulipwa kidogo kila mwezi. Bonasi itokapo mwezi wa Oktoba, hununua mawe, saruji na mabati. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na baada ya misimu kadhaa huwa na vyumba vinne au vitano vyenye milango ya chuma, naye huanza kutafuta wapangaji.

Miongoni mwa wote wanaokuja kubisha hodi, apendwaye zaidi ni yule anayesema kwamba kodi yake italipwa na mwajiri. Litein haikosi waajiri. Ipo hospitali ya misheni ya kanisa la AIC, kipo kiwanda cha majani chai kilicho chini ya Shirika la Ustawi wa Majani Chai (KTDA), zipo shule, benki, ofisi za serikali za eneo la Bureti, na wanakandarasi wanaokuja na kuondoka. Mwenye nyumba asikiapo maneno "kampuni italipa", huona kwamba usumbufu wa kuzungushwa kila mwisho wa mwezi umekwisha.

Mara nyingi huwa hivyo kweli. Lakini upangaji wa namna hii una watu watatu, ilhali karatasi inayoandikwa, kama inaandikwa kabisa, huwa na majina mawili tu. Yupo mwenye nyumba, yupo anayelala ndani, na yupo anayetoa pesa. Siku mambo yanapoharibika, swali la kwanza ni moja: kati ya hao wawili wa mwisho, mpangaji ni nani?

Uchukuliwe mfano wa fundi aliyeletwa na mwanakandarasi kutoka mji mwingine. Kodi ni Sh12,000 kwa mwezi. Msimamizi wa kazi anampigia simu mwenye nyumba na kumwambia asiwe na wasiwasi. Kwa miezi sita pesa zinaingia katika akaunti bila kuchelewa. Mwezi wa saba haziji, wala wa nane. Fundi akiulizwa, anajibu kwamba kodi ni ya kampuni. Kampuni ikiulizwa, inajibu kwamba fundi huyo aliacha kazi zamani na msimamizi aliyepiga simu amehamishwa. Mwenye nyumba ana Sh24,000 anazodai, na hana hata barua moja mkononi.

Ili kuelewa alipokosea, yafaa kuanza na sheria inayomfanya mwajiri ajishughulishe na nyumba ya mfanyakazi tangu mwanzo.

Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri, kwa gharama yake mwenyewe, kumpa kila mfanyakazi makao yanayofaa mahali pa kazi au karibu napo. Asipofanya hivyo, ampe juu ya mshahara wake pesa za kutosha kupanga nyumba inayofaa. Wajibu huo haupo pale ambapo mkataba wa kazi, au mapatano ya pamoja na chama cha wafanyakazi, umekwisha kuunganisha pesa za nyumba na mshahara. Kwa wale wanaolipwa kima cha chini chini ya agizo la jumla la mishahara, marupurupu ya nyumba ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Wakazi wa Kericho na Bomet waliujua wajibu huu kabla ya sheria hiyo kuandikwa. Kampuni za Brooke Bond na African Highlands, iliyokuwa ya James Finlay, zilipoanza kupanda majani chai katika miaka ya 1920, zilihitaji maelfu ya watu kutoka mbali, na watu hao walihitaji mahali pa kulala. Zikajengwa kambi ndani ya mashamba. Mfanyakazi alipewa kazi na nyumba pamoja, na alipopoteza moja alipoteza na nyingine. Ndiyo sababu mjadala wa mashine za kuchuma majani, uliofikia hatua ya waandamanaji kuteketeza mashine hizo Kericho mwezi wa Mei 2023, haukuwa mjadala wa mishahara peke yake. Anayeachishwa kazi shambani hutakiwa pia kufungasha virago.

Nyumba ya mjini Litein ni jambo tofauti. Hapa nyumba si mali ya mwajiri. Mwajiri anaweza kumfuta kazi mfanyakazi wake, lakini hawezi kwa tendo hilo peke yake kuufuta upangaji ambao mtu mwingine ameshiriki. Iwapo upangaji utaendelea au la hutegemea ni mpango gani uliofanywa kati ya mipango mitatu inayotumika.

Mipango mitatu

Mpango wa kwanza ndio wa kawaida zaidi, nao hauna utata. Mwajiri humpa mfanyakazi marupurupu ya nyumba, na mfanyakazi hutafuta nyumba mwenyewe. Walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) huishi hivi. Polisi nao, ambao kwa miaka mingi walijulikana kwa kuishi kambini, waliingizwa katika mpango huu serikali ilipotangaza mwaka wa 2018 kwamba watalipwa marupurupu ili waishi miongoni mwa raia. Hapa mpangaji ni mfanyakazi. Mwajiri hana deni lolote kwa mwenye nyumba, hata kama pesa zilizonunuliwa pombe zilikusudiwa kodi.

Mpango wa pili ndio unaowadanganya wengi. Mfanyakazi ndiye mpangaji, lakini amemwomba mwajiri wake amkatie kodi katika mshahara na kuituma moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Sheria ya Ajira inaruhusu makato ya aina hii mfanyakazi akiyaomba kwa maandishi, mradi jumla ya makato yote isizidi thuluthi mbili za mshahara. Kwa mwenye nyumba, pesa zinatoka katika akaunti ya kampuni, na taarifa ya benki inaonyesha jina la kampuni. Huamini kwamba kampuni ndiyo mpangaji wake. Sivyo. Kampuni ni mjumbe tu. Mfanyakazi akibatilisha ombi lake, akichukua mkopo unaojaza kiwango cha makato, au akiacha kazi, mkondo wa pesa hukauka na kampuni haina cha kujibu.

Mpango wa tatu ni ule ambao mwajiri mwenyewe anapanga nyumba. Jina lake limo katika mkataba kama mpangaji, afisa wake mwenye mamlaka ametia saini na kupiga muhuri, na mfanyakazi anatajwa tu kama mkaaji aliyeruhusiwa. Leo anaweza kukaa daktari, kesho akahamishwa na akaingia mhasibu, bila mkataba kubadilika. Deni ni la mwajiri. Nyumba ikikaa tupu miezi miwili kwa sababu mkaaji mpya hajafika, kodi ya miezi hiyo miwili bado ni ya mwajiri.

Fundi wa mfano uliotolewa hapo juu hakuwa katika mpango wowote ulioandikwa. Je, ahadi ya msimamizi kwa simu haikuwa na uzito? Hapa ndipo Sheria ya Mikataba (Sura ya 23) inapokata maneno. Kifungu cha tatu kinasema kwamba mtu hawezi kushtakiwa kwa ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine isipokuwa ahadi hiyo iwe imeandikwa na kutiwa saini na yeye au mtu aliyemwidhinisha. Maana yake ni kwamba "mimi nitamlipia", ikisemwa kwa mdomo, ni neno la heshima tu. Mwenye nyumba anaweza kujaribu kuthibitisha kwamba kampuni ilikuwa mpangaji tangu mwanzo na kwamba miezi sita ya malipo ni ushahidi wa hilo, lakini atakuwa akipanda mlima ambao barua ya nusu ukurasa ingemwondolea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo anayekubali mpango wa pili, kwa kuwa waajiri wengi hawapendi kupanga nyumba kwa jina lao, na aombe walau barua ya dhamana. Barua hiyo itaje nyumba, kiasi cha kodi na jina la mfanyakazi. Ieleze kwamba mwajiri atalipa malimbikizi yakitokea hadi kiwango fulani, na kwamba atamjulisha mwenye nyumba kabla ya kusimamisha malipo. Itiwe saini na mtu ambaye cheo chake kinamruhusu kuifunga kampuni. Saini ya msimamizi wa eneo la ujenzi huenda isitoshe. Katika shule, mathalani, mwalimu anayelipwa na bodi ya usimamizi badala ya TSC hutegemea karo ambayo wazazi wenyewe wanaitafuta, na barua ya bodi ni tofauti na neno la mwalimu mkuu.

Kazi ikiisha

Kuachishwa kazi ndiko kunakozaa kesi. Chini ya mpango wa tatu, mkaaji aliyepoteza kazi amepoteza pia idhini ya mwajiri ya kukaa katika nyumba hiyo. Lakini anayepaswa kumwondoa ni mwajiri, aliyemwingiza. Mwenye nyumba mwerevu huweka katika mkataba sentensi isemayo kwamba kodi itaendelea kuhesabiwa mpaka nyumba irudishwe ikiwa tupu na funguo zikabidhiwe. Pasipo sentensi hiyo, kampuni itaandika barua ya kusitisha mkataba na kumwachia mwenye nyumba mtu asiye na kazi, mwenye watoto, na asiye na pa kwenda.

Wakati huo mwenye nyumba hushawishika kufanya mambo mawili, na yote mawili yana hatari.

La kwanza ni kung'oa mlango, kukata umeme au kufunga nyumba kwa kufuli lake. Kodi isiyolipwa hudaiwa kwa njia ya sheria. Kukamata vyombo vya ndani ni kazi ya dalali aliye na leseni, na hata dalali huyo ana mipaka: sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi inalenga mali ya mpangaji. Ikiwa mpangaji ni kampuni, basi kitanda na televisheni ya mkaaji si mali ya mdaiwa, na mkaaji anaweza kuandika tamko la kuzitetea. Mwenye nyumba aliyekuwa akidai anaweza kujikuta akidaiwa.

La pili linaonekana la huruma. Mkaaji anasema, "Mzee, kampuni imeniacha, lakini nitakuwa nikikutumia mwenyewe kidogo kidogo." Mwenye nyumba anapokea Sh5,000 kwa simu, kisha Sh4,000. Hajui kwamba kwa kupokea kodi kutoka kwa mtu anayekaa katika nyumba kwa ridhaa yake, huenda ameanzisha upangaji mpya bila kuandika neno. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inautambua upangaji wa aina hiyo kama wa kipindi hadi kipindi, na kuuvunja kunahitaji notisi isiyopungua kipindi kimoja cha kodi, yaani mwezi kwa anayelipa kila mwezi. Kampuni nayo itapata hoja ya kusema kwamba mkataba wake ulikwisha siku Sh5,000 za kwanza zilipopokewa. Kama kuna nia ya kumsaidia mkaaji, na aandikiwe mkataba wake, tarehe iwe wazi, na kampuni ifunge hesabu yake kwanza.

Wapo wanaodhani Mahakama ya Kodi za Nyumba itawaamulia. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba (Sura ya 296) inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho nyumba nyingi zinazolipiwa na waajiri zimekipita zamani. Isitoshe, upangaji unaotokana na ajira umetengwa nje ya sheria hiyo.

Kampuni ikiuzwa

Kuna jambo moja ambalo wenye nyumba wa ukanda huu wamelishuhudia kuliko wengine nchini. Kampuni zinazoonekana kama milima, zisizohama, hubadilisha wenyewe. Biashara ya chai ya Unilever iliuzwa mwaka wa 2022 na hatimaye ikaitwa Lipton Teas and Infusions. Mashamba ya James Finlay Kericho yaliingia mikononi mwa kampuni ya Browns Investments ya Sri Lanka mwaka wa 2023, na mwaka uliofuata Lipton ikatangaza kuwauzia Browns mashamba yake pia.

Mtu aliyepangisha nyumba kwa kampuni inayouzwa afanye nini? Jibu hutegemea kilichouzwa. Zikiuzwa hisa, kampuni iliyotia saini ingali ipo hata kama ina mabwana wapya na jina jipya juu ya lango, na mkataba unaendelea kama ulivyokuwa. Ikiwa kilichouzwa ni mali tu, yaani mashamba, mitambo na magari, mnunuzi hajaupanga upangaji huo mpaka aukubali. Yule wa zamani ndiye anayedaiwa bado, iwapo atapatikana. Mwenye nyumba anayesikia habari za mauzo redioni ana haki ya kuandika barua kuuliza, na kutosubiri mpaka mwezi wa kwanza usio na malipo.

Ushuru

Waajiri wenye vitabu safi hawalipi kodi kwa mtu asiye na nambari ya PIN ya Mamlaka ya Ushuru (KRA). Hapo ndipo baadhi ya wenye nyumba wanaporudi nyuma. Ni kweli kwamba pesa zinazotoka kwa kampuni huacha alama, lakini ushuru wenyewe si wa kutisha kama inavyovumishwa. Tangu Januari 2024, mwenye nyumba za kuishi anayepata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya kodi yote aliyopokea, bila kutoa gharama, na hupeleka taarifa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kiwango kilikuwa asilimia 10 kabla ya hapo. Mwenye vyumba vinne vya Sh8,000 kila kimoja hupata Sh32,000 kwa mwezi, na ushuru wake ni Sh2,400.

Baadhi ya waajiri wameteuliwa na KRA kuwa mawakala wa kukata ushuru huo wenyewe. Mwenye nyumba aliyezoea Sh12,000 akiona Sh11,100, asikimbilie kuandika barua ya malimbikizi. Sh900 zilizopungua ni asilimia 7.5 hiyo hiyo, na anachopaswa kudai ni cheti cha kuonyesha kwamba zimewasilishwa kwa jina lake.

Mfanyakazi naye hutozwa. Nyumba aliyopewa na mwajiri huhesabiwa kama sehemu ya mapato yake. Kwa mfanyakazi wa shambani anayelazimika na kazi yake kuishi shambani, thamani yake ni asilimia 10 ya mapato ya ajira. Kwa wafanyakazi wengine ni asilimia 15, au kodi halisi inayolipwa ikiwa ni kubwa zaidi. Hesabu hii huwafanya wahasibu watake kiasi sahihi cha kodi kiandikwe.

Na hapa upo mtego ambao hauzungumzwi hadharani. Mpangaji anakuja na ombi la upole: kodi ni Sh10,000, lakini mwajiri wake yuko tayari kulipa hadi Sh15,000. Risiti iandikwe Sh15,000, na zile Sh5,000 arudishiwe yeye. Mwenye nyumba anayekubali atatozwa ushuru wa pesa ambazo hakukaa nazo, na saini iliyo chini ya risiti ya uongo ni yake. Ukaguzi ukifanywa, mfanyakazi atafutwa kazi. Mwenye nyumba atakuwa ameshiriki ulaghai kwa faida ya mtu mwingine.

Yaliyobaki ni ya mlangoni. Amana hurudishwa kwa aliyeitoa: ikiwa ilitoka kwa mwajiri, kumkabidhi mkaaji anayehama ni kulipa mara mbili. Hali ya nyumba iandikwe siku ya kuingia, mbele ya mkaaji na mwakilishi wa mwajiri, vioo vihesabiwe, mita ya maji isomwe, na nakala tatu zitiwe saini. Mkataba utaje ni nani anayelipa maji na umeme, maana mara nyingi mwajiri hulipa kodi pekee na bili huachwa zikining'inia. Utaje pia kwamba nyumba ni ya kuishi. Ikigeuzwa ghala au ofisi, sheria za upangaji na za ushuru hubadilika nayo.

Notisi yoyote, ya kuongeza kodi au ya kuhama, iende kwa mpangaji aliyeandikwa, na nakala iende kwa anayelala ndani. Barua iliyosukumwa chini ya mlango wa mkaaji haijafika makao makuu ya kampuni, Nairobi.